Bumu Likikata: Mwaka wa Kwanza wa Mhitimu Buguruni

Nimepewa mada ya maisha baada ya chuo, nami naanza na fedha, maana ndiko mabadiliko yanakouma kwanza.

Mwanafunzi anayesomeshwa na Bodi ya Mikopo hupata fedha ya kujikimu, lile bumu tunalolijua sote. Mwaka wa masomo 2022/23 lilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Hebu tulitazame kwa macho ya Buguruni yetu, hapa Dar es Salaam. Kijana ametoka nyumba ya kupanga, ndugu wanne chumba kimoja, na kwa miaka mitatu amekuwa na kipato ambacho mama anayeuza mchicha sokoni hana uhakika nacho hata siku mbili mfululizo. Amejilipia chakula, nauli na vocha. Wapo waliojinyima wakatuma nyumbani kodi ya miezi sita. Anapomaliza mtihani wa mwisho, kipato hicho kinakatika, joho bado hajalivaa. Nyumbani hakuna aliyeambiwa. Wao wanapokea msomi. Yeye anajua amerudi mikono mitupu.

Ukimya huo ndio naona unawavunja vijana wetu mapema, hata kabla ukosefu wa ajira haujawafikia. Kijana anaacha kutoka mchana asije akaulizwa, "Vipi, bado tu?" Nauli ya kwenda kwenye usaili anaiomba kwa aibu, kama vile anadai asichostahili. Baba naye hasemi kitu, ila anahesabu gharama alizolipa tangu kidato cha kwanza.

Wazazi wangu, zamani haikuwa hivi. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu jijini hapa waliandamana wakipinga kulitumikia taifa miaka miwili, sehemu kubwa kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400, naye akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Walichogombania ni masharti na makato. Kwamba mhitimu atapata kazi, hakuna aliyetia shaka. Lakini Juni 2014, jirani yetu hapo Uwanja wa Taifa wa wakati huo, Temeke, vijana zaidi ya 10,000 walijitokeza kwenye usaili wa Idara ya Uhamiaji. Nafasi zilikuwa 70. Mtoto aliyerudi bila kazi siku ile hakuwa mzembe, na ninaomba tuache kumtazama hivyo.

Aliyepata kazi naye ana lake la kusema nyumbani. Tuchukue mshahara wa msingi wa shilingi 600,000 katika kampuni binafsi. NSSF wanachukua asilimia 10, yaani 60,000. Bodi ya Mikopo, kulipa ule mkopo wa chuo, asilimia 15, yaani 90,000. Kodi ya mapato kama 24,000. Kinachofika mkononi ni 426,000, na hapo hajapanda daladala wala hajala mchana. Familia iliyosikia "laki sita" imekwisha kupanga ada ya mdogo wake na bati za kijijini. Vijana, mwonyesheni mama karatasi ya mshahara, mistari yote. Atakasirika siku hiyo moja, kisha mtapanga pamoja.

Sasa soko la kazi. Nasikitika kuona mhitimu wa uhasibu akikaa miezi tele akisubiri tangazo la Sekretarieti ya Ajira, huku hatua chache kutoka kwao kuna wafanyabiashara wanaolipa kodi zaidi kwa kukosa mtu wa kuwaandikia vitabu. Kwa viwango vya kodi ya makadirio vilivyoanza Julai 2019, mwenye mauzo ya milioni 8 kwa mwaka asiyeweka kumbukumbu alitozwa 250,000, aliyeziweka, 120,000. Tofauti ni 130,000. Mhitimu anayepita jioni kwa wauzaji kumi, akipanga risiti na kuandika mauzo, akamtoza kila mmoja 5,000 kwa mwezi, ana 50,000 yake, na muuzaji kwa mwaka ametoa 60,000 akaokoa 130,000. Vikundi vya kuweka na kukopa, VICOBA, navyo mara nyingi vinagombana mwisho wa mzunguko kwa sababu ya hesabu tu. Kazi hiyo ya vitabu haimzuii mhitimu kuomba ajira. Inampa cha kuandika kwenye wasifu wake, na watu kumi wa kumtaja kwa jina atakapoulizwa nani anamfahamu.

Hata kujitolea bila malipo nakuunga mkono, lakini kwa muda uliokubaliwa tangu mwanzo. Kujitolea kusiko na mwisho ni unyonyaji.

Ninachopendekeza kifanyike wiki ya kwanza ya kurudi nyumbani ni kikao. Mhitimu, baba, mama, na shangazi au mjomba mmoja anayesikilizwa. Kijana aseme wazi: bumu limekoma, akiba yangu ni hii, nitaomba kazi za aina hii. Nyumba nayo iseme itamsaidia nauli kiasi gani kwa mwezi, na yeye atachangia nini: kama hana fedha, basi awafundishe wadogo zake hesabu jioni, ashike genge la mama asubuhi.

Kwa viongozi wa mitaa nina ombi moja. Wekeni ofisini daftari la wahitimu: jina, fani, simu. Muuzaji akitafuta mtu wa vitabu, au shule ikitafuta mwalimu wa muda, aanzie kwenu. Kijana akija kuchukua barua ya utambulisho aandikwe papo hapo, na daftari la kwanza tunaweza kulifungua leo kwa majina ya waliomo humu ukumbini.