Kiunzi Kabla ya Sura: Kutengeneza kwa Mkono Mwanasesere wa Sanaa Anayebadilishwa Mikao

1. Dhana na asili

Mwanasesere wa sanaa ni umbo la mhusika linalotengenezwa kwa mkono, nakala moja au chache tu, kwa ajili ya kutazamwa na kuhifadhiwa zaidi kuliko kuchezewa. Anapokuwa wa kubadilishwa mikao, viungo vyake hukunjika na kubaki vilivyokunjwa: leo anaketishwa, kesho anasimamishwa au kuinamishwa, bila kushikiliwa na kitu. Hapo ndipo anapotofautiana na kinyago. Mwana hiti wa Wazaramo, kwa mfano, ni kiwiliwili cha mti kisicho na mikono wala miguu, na uzito wake wote umo katika umbo lililotulia na nafasi yake katika mafunzo ya mwali. Mwanasesere wa mikao husema kwa mwili unaogeuka.

Mbinu kuu za kuupa mwili uwezo huo ni mbili. Ya kwanza ni viungo vya tufe na kikombe, vinavyokazwa kwa uzi wa mpira upitao ndani ya mwili wa kauri au resini. Ya pili ni kiunzi kinachofichwa ndani ya mwili laini, mbinu yenye undugu na sinema. Katika filamu ya King Kong ya mwaka 1933, Marcel Delgado alimjenga sokwe kwa kiunzi cha chuma chenye viungo, akakijazia misuli ya sponji na mpira, kisha akakivika manyoya ya sungura. Kwa mafundi wengi waya huchukua nafasi ya viungo hivyo vya chuma, na mbinu hiyo ya waya ndiyo inayofafanuliwa hapa.

2. Kubuni mhusika

Mfano unaotumika katika mada hii ni mhusika wa kubuni: komba mzee aliyeajiriwa na mgema kulinda vibuyu vya tembo minazini. Wagema wa pwani wanamfahamu komba kwa kupanda minazi usiku na kunywa tembo, kwa hiyo kumpa ulinzi ni kumkabidhi fisi bucha. Utani huo ndio unaoongoza kazi nzima. Mhusika anatakiwa aonekane mwadilifu anaposimama zamu, na aonekane mwenye hatia anapoinama juu ya kibuyu.

Kabla ya kukata waya, mikao inayotakiwa huorodheshwa. Komba huyu anahitaji minne: kusimama wima, kuchuchumaa, kuinama, na kusinzia akiwa ameegemea mnazi. Orodha hiyo ndiyo inayoamua kiungo kipi kiwe huru na kipi kiwe kigumu. Komba hutazama huku na huku kwa kugeuza kichwa kizima, hivyo shingo itapewa uhuru mkubwa kuliko kiwiko. Mkono wa kulia unaoshika kibuyu daima hauhitaji vidole vinavyokunjika.

Kisha huchorwa michoro miwili ya ukubwa halisi, wa mbele na wa ubavuni. Kwa mwanasesere wa sentimita 30, kichwa kinaweza kuchukua robo ya kimo ili uso usomeke vizuri. Mengine hufuata mwili wa mnyama mwenyewe: miguu ya nyuma mirefu kuliko mikono, mkia mrefu kuliko kiwiliwili, masikio mapana na macho makubwa.

3. Kiunzi

Waya unaofaa zaidi ni wa alumini, kwa kuwa ni mwepesi na hukunjika bila kurudi nyuma. Waya wa kufungia nondo hupatikana kila mahali, lakini hushika kutu na kutia madoa kwenye kitambaa, hasa katika hewa ya chumvi ya pwani. Shaba iliyotolewa kwenye nyaya za umeme huwa laini mwanzoni, kisha hukakamaa kwa kila mkunjo hadi ikatike.

Uti wa mgongo hutengenezwa kwa waya wa milimita 3, na mikono na miguu kwa waya wa milimita 2. Waya hukunjwa mara mbili, ncha zake zikabanwa kwenye drili, ukasokotwa polepole. Waya wa mikono huwa mmoja usiokatwa, kutoka kiganja hadi kiganja kupitia mabegani, kwa sababu maungio yoyote yaliyowekwa mahali pa kukunja ndiyo yatakayoachia kwanza. Ncha zote hupindwa kwa plaizi ziwe vitanzi, zisije zikatoboa ngozi.

Sehemu za mifupa hufunikwa kwa epoksi ya kukanda, ile inayouzwa madukani kwa kuziba mabomba. Kati ya mfupa na mfupa huachwa pengo la waya mtupu la sentimita 1.5 hadi 2. Urefu wa pengo hilo ndio uhai wa kiungo. Likiwa fupi, mkunjo wote huangukia sehemu moja na waya huchoka haraka. Likiwa refu kupita kiasi, mkono hupinda kama mrija na kiwiko hakionekani. Mwishowe kiunzi chote huzungushiwa utepe wa kitambaa ili vijazio vishike, na kiunzi kisizunguke ndani ya mwili.

Kiunzi kitupu hujaribiwa katika mikao yote iliyoorodheshwa. Kasoro inayoonekana sasa hurekebishwa kwa dakika chache. Ikigunduliwa baada ya ngozi kushonwa, mwanasesere hana budi kupasuliwa.

4. Kichwa na macho

Kichwa hufinyangwa kwa udongo wa polima, ambao haukauki hewani bali hukomaa kwa joto. Kiini chake ni karatasi ya alumini iliyobanwa iwe bonge. Kiini hicho hupunguza uzito na kufanya udongo wa juu uwe na unene wa karibu sawa, hivyo hautapasuka kwa urahisi.

Macho ya kioo huwekwa kabla ya kuoka, maana kioo hustahimili joto la oveni, ilhali plastiki nyingi hulainika au kuyeyuka. Kipande cha kioo chenye mgongo wa mviringo hupakwa rangi upande wake bapa, mboni kwanza, kisha duara la rangi ya kaharabu linaloizunguka. Uso hupata hisia zaidi kutoka kwenye kope kuliko kwenye jicho lenyewe. Ukanda mwembamba wa udongo ukishushwa hadi kugusa mboni, komba anasinzia. Ukipandishwa hadi duara lote lionekane, amefumaniwa. Kwa kuwa kope hazitasogea tena, mhusika huyu hupewa kope za katikati, na kuinamisha au kuinua kichwa ndiko kunakobadilisha hisia.

Aina nyingi za udongo huu huokwa kati ya nyuzi 110 na 130 za Selsiasi, kwa muda unaotajwa kwenye pakiti. Kipimajoto cha oveni ni cha lazima, kwani udongo ukiungua hutoa moshi unaowasha macho na koo. Jiko la mkaa halifai. Asiye na oveni anaweza kutumia karatasi iliyopondwa na gundi, au epoksi ileile ya mifupa.

5. Mwili na manyoya

Misuli hujengwa kwa vipande vya sponji na sufi. Sufi ni nyepesi, kwa hiyo nyayo na nyonga huongezewa gololi za chuma ili mwili usipinduke kwa uzito wa kichwa. Mkia wenye waya imara hutumika kama mguu wa tatu.

Ili kupata ruwaza, mwili hufungwa nailoni nyembamba, kisha tepu ya karatasi. Mistari ya mishono huchorwa juu yake, ganda likakatwa na kulazwa. Mikono na miguu huwa imekunjwa kidogo wakati huo, ili ngozi isivutike kwenye kiwiko na goti. Kila kipande huwekewa mshale wa upande nywele zinakolala.

Manyoya bandia, yakiwemo yale ya makoti ya mitumba, hukatwa kwa wembe kutoka upande wa nyuma, ukipita kwenye kitambaa peke yake. Mkasi hukata nywele pamoja na kitambaa na kuacha mshono wenye upara. Usoni, manyoya hubandikwa kwa safu kuanzia kisogoni kuja puani, kila safu ikifunika mizizi ya ile iliyotangulia, kisha hupunguzwa kidogo kidogo hadi kufikia wembamba wa pua.

6. Mavazi, haki na utunzaji

Kikoi na kofia ya mlinzi hushonwa kwa pamba nyepesi, kwa kuwa kitambaa kizito hakikunjiki kwa kipimo cha mwili mdogo. Nafasi za masikio na mkia hukatwa mapema.

Nchini Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda kazi iliyokwisha kupewa umbo, wala hailindi wazo tupu. Komba mnywaji tembo ni wa kila mtu; michoro na sura ya komba huyu ni vya aliyembuni. Michoro yenye tarehe na picha za hatua za kazi huhifadhiwa kama ushahidi.

Anayemnunua hupewa maelekezo matatu. Kiungo hukunjwa polepole kwa kushika mfupa pande zote mbili za pengo, bila kuvuta kiganja. Mwanasesere huwekwa mbali na jua na unyevu, vumbi likiondolewa kwa brashi laini. Hapewi mtoto mdogo, kwa sababu ya waya na macho ya kioo, na pia kwa sababu kila waya una idadi ya mikunjo unayoweza kuhimili kabla ya kukatika.