Mvua Haina Ahadi

Wazee walinena ya kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mkulima wa Matai, katika nyanda za juu za Ufipa, ajua kwamba dalili siyo mvua yenyewe.

Huko msimu ni mmoja tu, tangu Novemba hata Aprili. Mvua ya kwanza yaweza kulowesha ardhi, kisha jua likawaka majuma mawili au matatu, na mbegu iliyochipua ikafa. Je, angoje? Akikawia mno, mvua yaweza kukoma mahindi yakiwa yatoa mbelewele, wakati ambapo yahitaji maji kuliko wakati wowote. Mwaka 2024 jirani zetu wa Zambia, ng'ambo ya mpaka, walipatwa na ukame mkuu, hata mwezi wa Februari serikali yao ikautangaza kuwa janga la taifa.

Wafipa wa zamani hawakukaa wakitazama mbingu. Mvua zilipoelekea mwisho walifukia majani udongoni, wakafanya vichuguu vya udongo viitwavyo intumba, wakapanda maharage juu yake. Majani yalioza yakawa mbolea. Na msimu uliofuata walitawanya udongo ule wakapanda ulezi. Udongo wenye mboji hushika maji siku nyingi kuliko udongo mtupu. Tena ulezi mkavu hukaa ghalani miaka kadhaa, hali mahindi hubunguliwa upesi.

Basi tujifunze. Usitie mbegu yote ardhini siku moja: panda sehemu kwa mvua ya kwanza, na sehemu ingoje hata mvua ishike. Usitegemee zao moja. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kabla ya msimu. Usikilize, ila kumbuka kwamba wanena juu ya eneo kubwa, wala hautaji shamba lako.

Na baada ya mavuno, kabla gunia la kwanza halijakwenda sokoni, baba na mama waketi pamoja wahesabu: walaji ni wangapi, na miezi ni mingapi hata mavuno mengine? Auzaye mahindi yote mwezi wa Julai huenda akayanunua Januari kwa bei ya juu, na watoto ndio waumiao.

Mvua hatuwezi kuiamuru, lakini ufunguo wa ghala tunao wenyewe. Kwaherini.