Umbo Huanzia Kwenye Mchoro: Sumaku za Kuchapwa katika Karakana Ndogo za Mabango



Mada yangu inahusu bidhaa moja ndogo: sumaku bapa iliyochapwa picha, kisha ikakatwa kwa umbo la kitu chenyewe. Sisemi mstatili wenye picha ya faru, nasema faru. Sisemi duara lililoandikwa "Tangawizi ya Same"; nasema tangawizi yenyewe na vidole vyake. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Arusha inapita hapa Hedaru, na kazi ya namna hii ina wateja kando yake: wageni wa hifadhi, wenye maduka, shule, wakulima wa milimani, magari ya harusi. Karakana yenye mashine ya kuchapa stika, kisu kikali na mkono uliotulia inaiweza. Wengi wetu tunaikwepa kwa kudhani ugumu uko kwenye kukata, kumbe uko kwenye kuchora.

Kwanza tuifahamu shiti ya sumaku. Ni unga wa feraiti, yaani oksidi ya chuma iliyochomwa pamoja na madini ya strontiamu au bariamu, ukachanganywa na mpira au plastiki hadi ukawa shiti inayokunjika. Sisi wa Upare hatuna sababu ya kuiona kitu cha kigeni. Washana, wahunzi wa milima hii, waliyeyusha chuma kutokana na mchanga mweusi wa vijito vya Upare Kaskazini, na chuma chao kiliuzwa hadi Uchagani. Mchanga ule ni magnetiti, nayo ni oksidi ya chuma inayovutwa na sumaku.

Ndani ya shiti, nguvu imepangwa kwa mistari: kaskazini, kusini, kaskazini tena, milimita chache kati ya mmoja na mwingine, na karibu yote imeelekezwa upande mmoja. Chukua vipande viwili, vigusanishe migongo, kisha uvivute. Ukivuta kufuata mistari vitateleza. Ukivuta kuikata vitarukaruka. Jambo la kushika hapa ni kwamba nguvu hiyo inatokana na ukubwa wa eneo. Kila sentimita ya mraba inashika kwa sehemu yake, na mahali palipo pembamba hapana cha kushikia. Sheria zote za mchoro zinatoka hapo.

Sasa tumchukue faru wa Mkomazi. Faru weusi walirudishwa kule kutoka Afrika Kusini kuanzia mwaka 1997, baada ya ujangili kuwamaliza, na mwaka 2008 pori lile la akiba likawa hifadhi ya taifa. Mteja ataleta picha nzuri ya kamera: pembe imechongoka, mkia kama uzi, miguu minne yenye mwanga katikati. Ukiikata ilivyo, mkia utang'oka mara ya kwanza mtoto atakapoibandua kwenye friji, na ncha ya pembe itajikunja. Faru huyo lazima achorwe upya. Pembe inenepeshwe, mkia ulazwe juu ya paja, miguu iunganishwe kwa nyasi chini, na mwili wote uzungushiwe ukingo mweupe wa milimita 3. Mimi siruhusu sehemu yoyote iwe nyembamba kuliko sentimita moja. Kona za ndani nazo ziwe za mviringo, maana kona kali ndiyo inayoanza kuchanika.

Anayejua kumpunguza faru bila kumharibu ataweza na vingine. Yule ndege mdogo mwenye duara jeupe machoni, anayepatikana kwenye misitu ya Upare Kusini peke yake, akae juu ya jani pana ili miguu yake isihitaji kukatwa. Mlima Shengena wenye mita 2,462 ndio rahisi kuliko vyote, kwa kuwa una kitako kipana na mgongo usio na vichongoo.

Uchapaji tunaujua, kwa hiyo nitagusa yanayokosewa. Tusiipitishe shiti ya sumaku kwenye mashine ya kawaida ya stika, kwa sababu itang'ang'ania vyuma vya ndani. Tuchape kwenye stika, rangi ivuke mkondo wa kukatia kwa milimita 3, kisha tuiache saa 24 kabla ya kulamineti na kuibandika kwenye shiti ya sumaku. Kiyeyushi cha wino kisipopewa nafasi ya kutoka, gundi hulainika na kingo huinuka baada ya siku chache. Na kwa kuwa Hedaru iko upande mkavu wa milima, vumbi ni adui wa kweli: chembe moja chini ya lamineshini huonekana kama kipele. Kazi hiyo ifanyike asubuhi kabla ya upepo, sakafu ikiwa imenyunyiziwa maji.

Plota nyingi za stika hazikati shiti nene. Shiti ya milimita 0.4 au 0.5, inayotosha kwa friji, hukatika vizuri kwa kisu chenye wembe mpya. Anza upande wa picha, pitisha kisu kwa wepesi mara mbili au tatu, na ugeuze kipande badala ya kugeuza mkono. Oda ikiwa ya mamia ya umbo lilelile, ni heri kuchongesha kalibu la kukatia. Kuhusu leza naomba nieleweke: stika nyingi ni za PVC, na PVC ikiungua hutoa gesi ya hidrojeni kloridi inayodhuru mapafu na kula mashine. Hakuna oda inayostahili pumzi ya kijana wako wa karakana.

Kwa magari tumia milimita 0.75 au zaidi, na kona ziwe za mviringo, kwani upepo wa barabara kuu huingilia kwenye kona. Kabla ya kupokea pesa, jaribu kipande kwenye mlango wa gari. Land Rover za zamani zinazopanda milimani zina bodi ya aluminiamu, na pale sumaku haishiki kabisa. Hata friji nyingine za chuma kisichoshika kutu hazishiki. Mwenye gari aelezwe pia kuibandua mara kwa mara na kufuta pande zote mbili, la sivyo vumbi litakwaruza rangi.

Limebaki suala la bei. Umbo hupoteza shiti, hivyo maumbo yapangwe kwa kupishana, pembe ya faru mmoja ikiingia chini ya tumbo la mwenzake, na hesabu ifanywe kwa shiti nzima iliyotumika. Mchoro uwe na bei yake kwenye risiti, nao utozwe mara moja tu. Faili lihifadhiwe kwa jina la mteja, mstari wa kukatia ukiwa kwenye tabaka lake peke yake, ili akirudi mwakani kuagiza tena alipie shiti, chapa na ukataji.