Chungu cha Nyumbani: Kupunguza Uzito Karagwe na Kyerwa



Nimeombwa nizungumzie swali linaloulizwa sana siku hizi, sokoni, misibani na kwenye makundi ya simu: aliyezidi uzito apungue kwa njia gani? Ajifunge kwa masharti makali, aache ndizi, wali na ugali, ale mara moja kwa siku? Au ateremke taratibu kwa kubadili mazoea? Leo nitatetea hoja moja. Mlo wa kupunguza uzito usipimwe kwa kilo zilizopotea mwezi wa kwanza. Upimwe kwa chungu cha nyumbani: je, kaya nzima inaweza kuupika na kuula mwaka mzima? Usiopikika hivyo, hata uwe na sifa namna gani, mtu atauacha, na akiuacha uzito utarudi.

1. Masharti si mageni Karagwe

Mwishoni mwa Novemba 1861, Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa Rumanyika, Omukama (mfalme) wa Karagwe, akiwa njiani kwenda Buganda kutafuta chanzo cha mto Nile. Katika kitabu alichokitoa 1863 anaeleza kwamba wake wa wakubwa wa pale walikuwa wanene kiasi cha kushindwa kusimama wenyewe. Alipouliza sababu, alionyeshwa vyombo vya maziwa: tangu utotoni walinyweshwa maziwa mfululizo, kwa kuwa unene wa mke ulikuwa fahari ya jumba la mfalme. Mmoja wao Speke alimpima kwa utepe. Urefu wake ulikuwa kama sentimita 173, kifua 132, paja 79. Binti yake wa miaka kumi na sita alikuwa ameketi karibu akinywa maziwa, na baba yake amesimama na fimbo mkononi kuhakikisha hapumziki.

Siitaji habari hii ili tuwacheke bibi zetu, wala simsifu mgeni aliyewapima watu kama mifugo. Tutazame mlo wenyewe. Ni chakula kimoja kilichotukuzwa na vingine kuwekwa kando, chini ya msimamizi, kwa ajili ya umbo la kutazamwa na wengine. Mlo huo uliwezekana kwa sababu nyuma yake kulikuwa na makundi ya ng'ombe wa watawala, watumishi na fimbo. Wananchi waliolima migomba hawakula hivyo, na wasingeweza. Leo umbo linalosifiwa limegeuka, lakini ukiisoma orodha ya masharti inayozunguka kwenye simu utakuta mambo yaleyale: chakula kimoja kitukufu, vingine haramu, na mtu wa mbali anayesimamia.

2. Kwa nini wembamba ulitutisha

Wataalamu wengi wanaokuja na mizani husahau jambo moja kuhusu mkoa huu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walitambuliwa hapa Kagera, mwaka 1983. Watu wazima waliomo ukumbini wanakumbuka jinsi mtu alivyokuwa akikonda, shati likimpwaya, na majirani wakaanza kunong'ona. Kwa kizazi kizima hapa, kupungua mwili kulikuwa habari ya kifo, na mwili uliojaa ulikuwa cheti cha uzima.

Kwa hiyo mama wa Nkwenda, Kyerwa, anapoambiwa kliniki kwamba apungue, haogopi njaa peke yake. Anaogopa pia macho ya watu. Akipoteza kilo kumi kwa miezi miwili kwa masharti makali, ataulizwa anaumwa nini, na ndugu zake watamrudishia sahani iliyojaa kwa upendo kabisa. Anayeshuka kidogo kidogo, huku anaonekana na nguvu shambani, hana wa kumjibu. Hiyo pekee ni sababu nzito ya kupendelea mwendo wa taratibu mahali kama hapa.

3. Nyumba moja, utapiamlo wa aina mbili

Utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Utafiti wa lishe wa 2018 ukakuta wamekaribia asilimia 32. Tangu 2012 ilikwisha kujulikana kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kumi na mmoja wa umri wa miaka 25 hadi 64 ana kisukari.

Sasa geuzeni ukurasa. Mwaka 2022, asilimia 34 ya watoto wa Kagera walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Huu ni mkoa wa ndizi, maharage, maziwa na kahawa. Wakati mwingine mama aliyezidi uzito na mtoto aliyedumaa wanalala chini ya bati moja na wanakula chungu kimoja: wanga mwingi, mafuta na sukari kila siku, lakini maharage haba, mboga kwa bahati, yai kwa nadra. Mnyauko wa migomba ulioonekana Kagera mwaka 2006 ulizidisha hali hiyo, maana kaya nyingi zilizong'oa migomba ziliegemea mahindi na mihogo. Na miguu nayo imepumzika. Njia tuliyoitembea kwenda mnadani leo tunaipita kwa bodaboda.

Mkilitazama hivyo, mtaona kwamba masharti ya mtu mmoja hayagusi tatizo lenyewe. Yanamtoa mama kwenye chungu na kumwacha mtoto ndani yake.

4. Masharti makali: haki yao na gharama yake

Tuwe waadilifu. Masharti makali hupunguza uzito, na wakati mwingine hufanya zaidi. Katika utafiti uliotangazwa Uingereza mwaka 2017, wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili walikunywa vinywaji maalumu vya takriban kilokalori 850 kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 hawakuwa tena na kisukari wala dawa zake. Hilo ni jambo kubwa. Lakini walikuwa na wauguzi na wataalamu wa lishe waliowaona mara kwa mara, wakawaondolea dawa kwa utaratibu na kuwarudisha kwenye chakula hatua kwa hatua. Hata hivyo, mwaka wa pili idadi ilishuka hadi asilimia 36. Anayeiga masharti hayo peke yake kule Murongo, Kyerwa, bila mizani, bila kipimo cha sukari, anaiga njaa na kuuacha uangalizi.

Gharama yake inajulikana tangu zamani. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, Ancel Keys aliwapa vijana 36 waliojitolea chakula pungufu kwa miezi sita. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Waliota chakula, walisoma vitabu vya mapishi kana kwamba ni riwaya, walilamba sahani. Waliporuhusiwa kula watakavyo, wengi walipita unene waliokuwa nao mwanzo. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walionyesha sababu mojawapo: baada ya wiki kumi za mlo mkali, homoni za njaa zilipanda na za shibe zikashuka, na mwaka mmoja baadaye bado hazikuwa zimerudi mahali pake. Kwa hiyo anayerudisha kilo si mvivu wala mlafi. Mwili wake unadai deni.

Nchini mwetu Profesa Mohamed Janabi, bingwa wa moyo aliyechaguliwa mwaka 2025 kuongoza Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika, amelifanya taifa lijadili sahani yake. Mawaidha yake juu ya sukari, wanga na kula mara chache yamefika hadi vijiweni, na kuhusu sukari wataalamu wengi wako naye. Shida ni kwamba maneno ya daktari yakishuka kijiweni hubaki nusu: hubaki njaa, na vipimo husahaulika. Kufunga kwa vipindi kunamfaa anayekumudu. Lakini utafiti wa Guangzhou, China, uliotolewa mwaka 2022, uliwafuatilia watu 139 kwa mwaka mmoja na kukuta kwamba kubana saa za kula hakukuongeza faida ya maana juu ya kupunguza kalori peke yake. Na nasisitiza: anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, mjamzito, anayenyonyesha, na aliye kwenye dawa za kifua kikuu, asifunge bila kuzungumza na daktari wake. Sukari ikishuka ghafla inaua haraka kuliko ikipanda.

Vipi kuhusu kukata wanga? Mwaka 2018 Christopher Gardner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza matokeo ya watu 609. Nusu walipunguza mafuta, nusu wanga, kwa miezi kumi na miwili. Wa mafuta walipungua wastani wa kilo 5.3, wa wanga kilo 6.0, tofauti isiyo na uzito kitakwimu. Makundi yote mawili yalihimizwa kula mboga kwa wingi na kuacha sukari na unga uliokobolewa. Ndizi, basi, haina hatia.

5. Ushahidi wa mwendo wa taratibu

Mwaka 2002 ulitangazwa utafiti wa Marekani uliohusisha watu 3,234 waliokaribia kupata kisukari. Waliopewa mafunzo walitakiwa kupunguza asilimia saba tu ya uzito, yaani kilo tano na nusu hivi kwa mtu wa kilo 80, na kutembea dakika 150 kwa wiki. Kwa takriban miaka mitatu, waliopata kisukari walipungua kwa asilimia 58. Kidonge cha metformini kilipunguza kwa asilimia 31. Asilimia saba haibadilishi gauni. Lakini imeshinda dawa.

Karibu zaidi na kwetu ni kazi iliyofanyika Kilimanjaro na kutangazwa mwaka 2025. Vijana 77 wenye afya walishiriki. Baadhi ya waliozoea chakula cha kijijini, chenye mboga, kunde, ndizi na nafaka zisizokobolewa, walipewa kwa wiki mbili chakula cha kisasa cha kukaanga na kusindikwa. Wengine wa mjini wakarudishwa kwenye chakula cha asili. Waliohamia cha kisasa waliongezeka uzito, na dalili za uvimbe ndani ya damu zikapanda. Waliorudi kwenye cha asili, dalili hizo zilishuka, na baadhi ya mabadiliko yaliendelea kuonekana wiki nne baadaye. Utafiti huo haukuwa wa kupunguza uzito. Unachotuambia ni kwamba ekitoke, yaani ndizi za kupika, na maharage si chakula cha umaskini cha kukimbia.

6. Tuingie jikoni

Chukueni chungu cha ndizi kwa watu sita. Kitunguu kinakaangwa, mafuta yanamiminwa moja kwa moja kutoka kwenye chupa, nayo yanafika kikombe, mililita 250. Hizo ni zaidi ya kilokalori 2,000, yaani karibu 345 kwa kila mlaji kabla hajagusa ndizi. Pimeni kwa kijiko kikubwa: vijiko vitatu vya chakula vinatosha kukaanga kitunguu na nyanya, na kila mlaji anapata kama kilokalori 60 za mafuta. Hakuna aliyelala njaa, na fedha ya mafuta imebaki mfukoni.

Hapohapo ongezeni maharage yawe nusu ya chungu, na mnavu, mchicha au kisamvu kisikose sahanini. Karanga za kutwanga na senene wa msimu ni kitoweo halali kabisa, mradi senene wakaangwe kwa mafuta yao wenyewe. Chai mara tatu kwa siku, vijiko vidogo vitatu vya sukari kila kikombe, ni gramu 36, wakati Shirika la Afya Duniani linasema kushuka chini ya 25 hivi kwa siku kuna faida zaidi. Anzeni na vijiko viwili, kisha kimoja. Soda, mandazi na chipsi virudi kuwa vya sikukuu.

Mtoto mdogo asihesabiwe kalori. Yeye aongezewe yai, maziwa na karanga kutoka chungu hichohicho, kwa fedha iliyookolewa kwenye sukari na mafuta. Hapo ndipo mama anapopungua na mtoto anapokua kwa mpango mmoja.

7. Hukumu na ombi

Baada ya kupima pande zote, hukumu yangu ni hii. Masharti makali ni tiba, na tiba ina daktari, muda maalumu na wagonjwa wake. Hayafai kuwa maisha ya kijiji. Kinachofaa kuwa maisha ni chungu kilichorekebishwa, miguu iliyorudi barabarani, na kilo chache zinazoondoka bila kurudi.

Wakuu wa vituo vya afya, wekeni mizani na utepe mahali pa wazi, na mpimeni kila mtu mzima kiuno na presha anapokuja. Wachungaji, mapadri na masheikh, punguzeni soda kwenye hafla zenu. Akina baba, msimwachie mama peke yake jambo hili, maana kitambi nanyi mnacho na chungu ni cha wote. Na wewe uliyekusudia kuanza masharti Jumatatu, jiulize kwanza kama utayapika tena Jumatatu ya mwaka ujao. Kama jibu ni hapana, usianze. Pima mafuta ya leo kwa kijiko, kisha utembee kwenda nyumbani.