Gita ya bido na kamba ya freni ya toleka

Mmoja wenu alituuliza kama pesa ya mabati imekwenda kwa muziki. Hapana. Hata franka moja haikutoka.

Tuliporudi Lubunga, nyumba nyingi zilibaki kuta tu, na gita ya kwaya haikuonekana tena. Basi tukachukua bido ya mafuta ya lita 5 na ubao. Kamba ine tulizitoa kwa kebo ya freni ya toleka, ile iliyochakaa: ukiifungua, kila uzi ni kamba nyembamba, ukisokota mbili pamoja, sauti inakuwa nzito. Gita ya kwanza iliharibika, maana tulifunga shingo juu ya bido tu, plastiki ikajikunja. Sasa ubao unapita ndani ya bido mpaka chini, ndio unabeba mvuto wote. (Roger Landu wa Staff Benda Bilili, kule Kinshasa, alifika Ulaya na kopo na kamba moja. Sisi tuko na ine!)

Inalia ovyo kidogo, tusidanganyane. Lakini watoto wa waliobaki na wa waliorudi wanaipokezana kwenye kibaraza kimoja, na wazazi wao bado hawasalimiani.

Mabati yenyewe, bado tunayangoja.