Mizani ya Pamba na Lugha Zake Mbili

Twaeni daftari na penseli. Somo letu la leo ni la kutoa, lakini litatupeleka ndani ya mashine.

Ninyi mkaao Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu mwaijua mizani ya pamba. Iko mizani yenye kioo kinachoonyesha tarakimu. Ndani yake mna kompyuta ndogo sana iitwayo maikrokontrola. Haina akili yake yenyewe. Hutenda yale tu iliyoandikiwa na mtu.

Je, mtu huyo huandika kwa lugha gani? Zamani alitumia sana lugha ya asembli. Katika lugha hiyo kila neno ni tendo moja dogo la mashine: chukua, weka, toa, ruka.

Tutazame mfano. Mkulima ameleta gunia la pamba. Jumla ni gramu 41,000, na gunia tupu ni gramu 1,000. Kwetu sisi jibu ni jepesi: 40,000. Lakini chipu iitwayo ATmega328P ina vikasha 32 vya kufanyia hesabu, na kila kikasha hakipokei namba kupita 255. Basi mwandishi wa asembli hana budi kuikata kila namba vipande viwili. Hutoa kipande cha chini kwanza, kisha cha juu, akikumbuka kukopa, kama ninyi mkopavyo kumi. Akisahau kukopa, kioo kitaonyesha 40,256, na mnunuzi atalipia pamba isiyokuwapo. Tena, akipata chipu ya ukoo mwingine, itambidi kuandika yote upya.

Yapata mwaka 1972, huko Marekani, Dennis Ritchie wa Bell Labs alitunga lugha iitwayo C. Katika C mwandishi huandika hivi tu:

halisi = jumla - gunia;

Halafu programu iitwayo kompaila, ambayo ndiyo mkalimani, huyageuza maneno hayo yawe ya mashine, na kazi ya kukopa huifanya yenyewe. Ukibadili chipu, unabadili mkalimani. Hesabu yako yabaki ile ile. Ndivyo alivyo Msukuma wa Bariadi afikapo Songea: Kisukuma hakitamsaidia sokoni, bali Kiswahili kitamsaidia.

Je, sasa tusijali tena habari za mashine? La, hasha! Katika chipu hiyo, namba ya kawaida ya C, iitwayo int, haipiti 32,767. Ukiweka humo 40,000, kioo chaweza kuonyesha 25,536 chini ya sifuri. Mkalimani hakukosea, alifasiri alichoandikiwa. Dawa yake ni kutumia chombo kikubwa zaidi kiitwacho long, kipokeacho hata zaidi ya 2,000,000,000.

Basi kumbukeni: C hukupunguzia kazi, lakini haikuondolei wajibu wa kujua ukubwa wa chombo chako. Jasho la mkulima limo katika tarakimu hizo.

Maswali

1. Katika asembli nani hukumbuka kukopa? Na katika C?

2. Jumla ni gramu 33,000, na gunia tupu ni gramu 1,000. Jibu laenea katika int. Je, jumla nayo yaenea?

Jibuni kwanza peke yenu, kisha msomeane majibu darasani. Kwaherini.