Mapine ya motokari ya chama: tununue nini na makuta tuliyo nayo

Maneno ya kamati mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Makiso, Kisangani



Katika ajenda ya leo kuko neno moja linaloonekana dogo. Ni mapine ya motokari ya chama, au matairi, kama wanavyosema wenzetu waliorudi kutoka Nairobi na Dar es Salaam. Wengine wameuliza juu ya nini kamati inaleta mambo ya mapine mbele ya mkutano mzima. Tunaleta kwa sababu makuta ni yenu, na kwa sababu watu wanaopanda ile motokari ni nyinyi na watoto wenu.

Munaijua. Ni Toyota Altezza, usukani kulia, ya aina ile Toyota ilitengeneza kule Japani tangu 1998 mpaka 2005. Ni motokari ya mbio: iko chini, inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na inavaa janti pana za inchi 17. Kwetu haifanyi mbio. Inapeleka mama mwenye uchungu hospitali usiku wakati mvua inanyesha na toleka wala moto haziwezi kumbeba. Inapokea wenzetu wanaofika Bangboka na mizigo yao. Siku zingine inafanya taksi, na kinachopatikana kinaingia katika mfuko wa wagonjwa na wa matanga. Ikisimama, ule mfuko nao unakauka. Na pine ikipasuka katika mwendo watu sita wakiwa ndani, munajua wenyewe kinachofuata.

Mapine yote manne yameisha. Makuta yaliyoko katika sanduku hayatoshi kununua mapya manne ya inchi 17. Basi tumetembea sokoni, tumeuliza mafundi na ma-kwado, na tumekuja na pendekezo. Lakini kwanza tusome pamoja kile kilichoandikwa juu ya pine, ili kila mtu aweze kutukagua.

Kwenye pine zetu za sasa kumeandikwa 215/45 R17 87V. Hiyo 215 ni upana, milimeta 215. Hiyo 45 inasema kimo cha ubavu ni asilimia 45 ya ule upana, yaani milimeta 97 hivi. 17 ni inchi za janti. 87 ni alama ya uzito: pine moja inabeba kilo 545, si zaidi. V ni mwendo: inavumilia kilometa 240 kwa saa.

Sasa tuulize. Ni nani hapa Kisangani anakimbia 240? Hata 100 hatuifikii. Pine yenye H inavumilia 210, na yenye T inavumilia 190. Zote mbili zinatutosha. Ile herufi kubwa ya mwendo tusiilipie bure.

Lakini uzito tuulipie. Motokari tupu ina kilo 1.300 na zaidi, kisha tunaongeza watu, mifuko ya muchele, mabidoni ya mafuta. Yote yanakaa nyuma. Hapo namba ya uzito ndiyo ya kuangalia kwanza, na wauzaji wengi hawaitaji mpaka uulize.

Tatizo letu lingine ni ubavu. Milimeta 97 za mpira kati ya janti na shimo ni kidogo sana. Motokari ikiingia katika shimo lililojaa maji, janti inabana ubavu, nyuzi za ndani zinakatika, na kesho yake munaona uvimbe kama jipu. Pine yenye uvimbe haitengenezwi. Kwado anaweza kuweka kipande cha pine ya zamani ndani ili ifike nyumbani, lakini siyo dawa. Tundu la musumari katikati ya kikanyagio linazibwa vizuri. Tundu la ubavuni hapana.

Kwa hiyo tunapendekeza tushuke inchi moja. Tuuze zile janti za 17, ambazo vijana wanazitafuta kwa sababu ya urembo, na tununue janti za okazio za inchi 16 zenye matundu matano na nafasi ileile ya milimeta 114,3. Juu yake tuvalishe 205/55 R16 91. Angalieni hesabu: ubavu unapanda mpaka milimeta 113. Kila pine inabeba kilo 615, ni kilo 70 zaidi. Na kimo cha gurudumu zima kinatoka milimeta 625 kinafika 632, tofauti ya kama asilimia moja tu, kwa hiyo haligusi bodi wala halidanganyi sana saa ya mwendo. Tena kipimo hiki kinavaliwa na motokari nyingi za kawaida, kinapatikana kwa urahisi na bei yake iko chini. Sharti ni moja: tujaribishe janti mbele, kwenye freni, kabla ya kulipa, tuone haigusi kitu.

Sasa, mpya ao okazio? Tufanye hesabu ya mfano, bei munajua inabadilika kila mwezi. Tuseme pine ya okazio ni dola 40 na inadumu miezi 6. Mpya ni dola 90 na inadumu miezi 30. Ya okazio inatula karibu dola 7 kwa mwezi, mpya inatula dola 3. Mwenye dola 40 tu mfukoni hana njia, ananunua ya okazio, na ndiyo maana masikini analipa zaidi. Chama kilianzishwa ili tuunganishe makuta madogo tusinunue hivyo.

Hatusemi okazio zote ni mbaya. Tunasema zichaguliwe kwa macho, na munaweza kutumia haya hata kwa motokari zenu.

Tafuteni neno DOT na namba nne za mwisho. 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Mpira unazeeka hata kama haujatembea. Ikipita miaka 5 ikaguliwe vizuri kila mwaka. Ikifika 10 itupwe, hata kama mistari ingali mirefu. Jina la Michelin au Bridgestone haliponyeshi pine ya mwaka 2009.

Angalieni ndani ya mistari. Kuko vinundu vidogo, kando yake kumeandikwa TWI. Kikanyagio kikiwa sawa na vinundu, kumebaki milimeta 1,6 na pine imeisha. Hapa kwetu mvua inanyesha karibu mwaka mzima, na ile mistari ndiyo inayotoa maji chini ya gurudumu. Musingojee ifike hapo. Chungeni pia mistari iliyochongwa upya kwa kisu cha moto na kupakwa rangi nyeusi: ukikuta TWI imekatwa, ama mistari inaingia chini kuliko vile vinundu, acheni.

Angalieni mchoro wa mlima wenye nyota ya theluji, ama neno STUDLESS kwa zile za Japani. Hizo ni pine za baridi. Mpira wake ni laini, umetengenezwa kwa barafu. Zinakuja na mistari mirefu, zinapendeza, na bei ni ndogo. Kwa joto letu zinaliwa haraka sana.

Mwisho pitisheni mkono ndani na nje. Uvimbe, nyufa, kiraka ubavuni: rudisheni. Kwetu pine mbaya ni hasara mara mbili, maana imetoka Mombasa kupitia Kasindi na Nia-Nia, ama imepanda na bwato zaidi ya kilometa 1.700 kutoka Kinshasa, na usafiri wake umo ndani ya bei. Hakuna wa kukurudishia.

Pendekezo la kamati ni hili. Tununue mapya mawili na okazio mbili nzuri, zote 205/55 R16 91, H ao T. Mbili za mbele zifanane, mbili za nyuma zifanane. Mapya yaende nyuma. Shofere wengi wanayataka mbele, lakini nyuma ikiteleza katika matope motokari inageuka na hakuna anayeikamata. Mbele ikiteleza, shofere anapunguza mwendo na inarudi. Na hii yetu inasukumwa na nyuma. Zile okazio mbili tutazibadilisha na mapya mchango wa miezi inayokuja ukiingia.

Kisha kuko kazi isiyo na bei: upepo upimwe kila juma asubuhi, mapine yakiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mlango wa shofere. Pine yenye upepo kidogo inapata moto na inakufa ubavuni. Na watu wasipite watano ndani. Tunajua taksi za muji zinabeba namna gani. Yetu ikatae, hata siku ya matanga.

Namba za DOT za mapine tutakayonunua na risiti za muuzaji tutazitoa katika gazeti hili, ili ninyi mulio hapa muende kuzisoma juu ya gari lenyewe, na marafiki waliotuma mchango waone umekwenda wapi. Ba mama wawili na shofere mmoja wachaguliwe leo waende sokoni pamoja na mweka hazina. Kamati isinunue peke yake.

Tunaomba sasa maulizo yenu, kisha tuinue mikono.